Santuri ya Dakika Tatu

Swali la kwa nini upande wa mashariki wa Mlima Kenya haukuwahi kutoa bendi ya namna ya Genesis au King Crimson za Uingereza linaweza kuonekana la mzaha. Wengi wangelijibu kwa kicheko: watu wa Meru na Embu walikuwa na kahawa, majani chai na miraa ya kushughulikia, nani angepata wasaa wa kukaa na gitaa la umeme akitunga wimbo wa dakika 20? Wapenda nadharia wangeongeza kwamba muziki wa namna hiyo ni wa Wazungu waliofundishwa piano utotoni, na kwamba Mwafrika anataka kucheza, hataki kukaa kitini akifuatilia vipande saba vya utunzi mmoja. Majibu yote mawili hayasimami. Wasaa ulikuwepo, uvumilivu wa kusikiliza ulikuwepo, na utunzi mrefu wenye vipande, wenye mapigo yanayogeuka na ustadi wa kujivunia, ulikuwepo kabla gitaa la kwanza halijapanda barabara ya Embu. Kilichokosekana ni chombo cha kuubeba. Ninachodai katika sura hii ni kwamba sura ya muziki tuliourithi katika rekodi imeamuliwa na ukubwa wa santuri na mfuko wa mnunuzi kuliko na vichwa vya watunzi, na kwamba tukisahau jambo hilo tutaendelea kudhani kuwa kile kisichorekodiwa hakikuwahi kutungwa.

Tuanze na Waingereza wenyewe, kwa sababu hata kwao jambo hili halikutokea kwa kipaji peke yake. Muziki wa bendi hizo, roki progresivu, ulishika kasi kati ya 1969, King Crimson walipotoa albamu yao ya kwanza, na katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1972 pekee unatosha kuonyesha ilivyokuwa. Yes walitoa Close to the Edge, na wimbo wenye jina hilo ukajaza upande mzima wa santuri kwa dakika 18 na ushei. Genesis walikuwa na Supper's Ready, dakika 23 zilizogawanywa katika sehemu saba. Jethro Tull wakapita wote kwa Thick as a Brick, wimbo mmoja uliochukua pande zote mbili, zaidi ya dakika 40, msikilizaji akilazimika kuinuka na kuigeuza santuri katikati ya wimbo. Tazama urefu huo ulikotoka. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilianzisha santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi mwaka 1948, na upande wake mmoja ulibeba dakika 20 na kitu bila sauti kuharibika. Hakuna sheria ya muziki inayosema utunzi uishe dakika ya 20. Wanamuziki wale walijaza chombo walichopewa mpaka ukingoni, kisha wapenzi wao wakauita ukingo huo upeo wa fikra. Na chombo hicho kiliwezekana kwa kuwa kijana wa tabaka la kati wa Uingereza alikuwa na fedha ya kukinunua, alikuwa na chumba cha kukisikilizia, na kulikuwa na kampuni zilizokuwa tayari kulipia wiki nyingi za studio kwa bendi ambayo haijapata hata wimbo mmoja wa kupigwa redioni.

Sasa tuje nyumbani. Mji wa Chuka uko kwenye barabara itokayo Embu kwenda Meru, ukishavuka mto Thuchi. Leo uko katika kaunti ya Tharaka-Nithi, lakini hadi 1992 ulikuwa ndani ya wilaya ya Meru, na wazee wengi bado huuhesabu huko. Ngoma za Wachuka zinajulikana Kenya nzima, ingawa kujulikana kwenyewe, kama tutakavyoona, ni kwa kipande tu. Ngoma yenyewe ni gogo refu, jembamba, lililochimbwa ndani na kuwambwa ngozi. Kabla ya kupigwa huanikwa juani au kupashwa moto ili ngozi ikaze, maana ngozi iliyolegezwa na unyevu wa mlimani haisemi. Mpigaji huibana mapajani ikainama mbele yake, akaipiga kwa viganja vitupu. Hapo ndipo ugumu unapoanza: aliyebana ngoma mapajani hatarajiwi kusimama tuli. Kundi zima la wanaume, kila mmoja na ngoma yake, husonga mbele, hurudi, huyumba kulia na kushoto, huinama na kuinuka pamoja, na wakati wote mikono haikosi pigo. Kiongozi ndiye mwenye funguo. Yeye huanzisha mdundo, wengine wakauchukua. Yeye huukata, nao wakanyamaza kwa pamoja. Firimbi ikilia, kundi linajua kwamba kipande hiki kimekwisha na kinachofuata kinaanza, pengine kwa mwendo mwingine kabisa. Ndani ya kipande kimoja baadhi ya mikono hugawanya pigo mara mbili huku mingine ikiligawanya mara tatu, na sikio lisilozoea hushindwa kusema moja iko wapi. Sauti za kuimba huingia, hutoka, huachia ngoma uwanja.

Nimeeleza haya kwa utaratibu kwa sababu orodha ya sifa ambazo wahakiki wa Ulaya huzitaja wanapoitukuza roki progresivu ni hii hii: utunzi wenye sehemu nyingi, mabadiliko ya ghafla ya mwendo, mapigo yanayopishana, wapigaji wanaoweza kufanya mambo mawili magumu kwa wakati mmoja, na muda wa kutosha wa jambo kukua. Katika mazingira yake, yaani sherehe za rika, tohara, harusi na mapokezi ya wageni, muziki wa ngoma kwenye miteremko hii haukuwa na saa ya kuuambia basi. Ulikwisha shughuli ilipokwisha.

Hapa lipo pingamizi ambalo ni la haki kabisa. Kuzipima ngoma za Chuka kwa roki ya Waingereza si ule ule ugonjwa wa kutafuta cheti cha Mzungu ili tuthamini cha kwetu? Je, tutasema kesho kwamba nyatiti ya Waluo ni nzuri kwa kuwa inafanana na kinubi cha Wales? Pingamizi hili lingenishinda kama ningedai kwamba ngoma za Chuka ni roki progresivu. Sidai hivyo. Hazihitaji jina hilo, na wenye nazo hawakuwahi kulikosa. Ninachofanya ni kulinganisha safari mbili. Muziki mmoja mrefu ulikutana na chombo kirefu, ukahifadhiwa mzima, ukauzwa, ukaandikiwa vitabu, na hata leo unajadiliwa dakika kwa dakika. Muziki mwingine mrefu ulikutana na chombo kifupi, ukakatwa. Ulinganisho ni wa vyombo, na hapo hakuna wa kumwonea mwingine haya.

Ukataji wenyewe una historia ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya HMV, alikuwa mwimbaji wa taarabu aliyezoea nyimbo zinazokwenda kwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, beti zikirudiwa, fidla ikijibu. Santuri ya mizunguko 78 ilimpa takriban dakika tatu kila upande. Tunachokisikia leo tukisema huyu ndiye Siti ni Siti aliyepimiwa kibaba. Hugh Tracey, aliyezunguka Kenya na mitambo yake mwaka 1950 na 1952 na ambaye mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, alifanya kazi ambayo hakuna mtafiti wa Afrika Mashariki anayeweza kuikwepa. Alishika maikrofoni mkononi na kuisogeza mwenyewe kutoka kwa mwimbaji hadi kwa ngoma, kazi ya ufundi mkubwa. Hata hivyo vipande vyake vingi ni vya dakika mbili, tatu, nne. Mtu anayesikiliza mkusanyiko wake bila kujua sababu anaweza kuhitimisha kwamba Waafrika walikuwa watu wa nyimbo fupi sana. Hitimisho hilo lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa limeshikwa kweli na watu wengi, wakiwemo walioandaa mitaala yetu.

Uhuru ulipokuja chombo kilibadilika jina tu. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960 na 1970 ikawa karakana ya muziki wa eneo zima, kuanzia studio za watu kama Charles Worrod na lebo yake ya Equator hadi wachuuzi wa River Road waliokuwa na duka mbele na lebo nyuma. Lakini bidhaa iliyouzika ilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45, wimbo upande huu na wimbo upande ule. Iliuzwa bei ya chini, iliingia kwenye mashine ya baa, ilipigwa kwenye gramafoni ya betri kijijini ambako umeme ulikuwa hadithi. Mzalishaji aliyewekeza fedha kidogo alizirudisha haraka. Aliyeota albamu alipaswa kumtafuta mnunuzi mwenye kipato cha mwalimu mkuu au zaidi, na kwa muziki wa lugha moja ya nyumbani wanunuzi wa aina hiyo hawakutosha kulipa gharama. Kwa Kimeru na Kiembu hesabu ilikuwa mbaya zaidi. Soko la Kikuyu, lenye watu wengi na lililo karibu na Nairobi, liliweza kumlisha Joseph Kamaru na wenzake. Wasikilizaji wa Embu, Runyenjes, Chuka na Meru walizielewa nyimbo hizo kwa ukaribu wa lugha, wakazinunua, na kwa kuzinunua wakawa sehemu ya soko la jirani kabla la kwao halijasimama.

Ni lazima niitendee haki ile santuri ndogo, kwa sababu kuna wanaopenda muziki mrefu kiasi cha kuudharau mfupi. Wanamuziki wa benga walifanya jambo la akili sana na kikwazo chao. Wimbo ulipozidi upande mmoja waliukata mara mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Upande wa kwanza ulibeba maneno, kisa, jina la mwanamke au la mfadhili. Ukigeuza, magitaa yanaachiliwa, solo na rithimu zinakimbizana, besi inaruka, na wachezaji wanajua ndipo penyewe. Utunzi ulijengwa kuzunguka tendo la kugeuza santuri. Jethro Tull walifanya hivyo wakasifiwa. Nairobi ilifanya hivyo kila wiki. Santuri ndogo ilikuwa pia gazeti. Kamaru alipotoa wimbo kuhusu J. M. Kariuki mwaka ule ule wa 1975 mbunge huyo alipouawa, hakuhitaji dakika 20 wala wiki nyingi za studio. Alihitaji kasi, na ule wembamba wa chombo ndio uliompa. Sitetei muziki mrefu dhidi ya mfupi, basi. Nasema tu kwamba sehemu ya pili, ile iliyotajwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri, ni ushahidi wa maandishi kwamba muziki ulikuwa mrefu kuliko nafasi iliyotolewa.

Mtu anaweza kuuliza: kama tatizo lilikuwa soko la lugha za nyumbani, vipi bendi za mjini zilizoimba Kiingereza na kuvaa suruali pana? Hizo zilikuwepo, na habari zake zinanoa hoja. Matata walishinda shindano la bendi za Afrika la BBC, wakahamia Uingereza, na albamu yao Independence ikatolewa huko mwaka 1974. Black Savage walipata nafasi adimu: EMI ya Kenya iliwatolea albamu, Something for Someone, mwaka 1976. Musi-O-Tunya, vijana wa Zambia waliokita kambi Nairobi, walirekodi hapa Wings of Africa, moja ya kazi za mwanzo za ule muziki ambao dunia leo inauita Zamrock, ngoma zikigongana na gitaa la umeme lenye mkwaruzo. Hebu fikiria hilo: bendi ya nje ilikuja Nairobi, ikakuta studio, mafundi na mitambo, ikatengeneza albamu ya roki ya Kiafrika kwa umeme ule ule uliokuwa ukitengeneza benga ya dakika tatu. Uwezo wa kiufundi haukuwa tatizo. Tofauti ilikuwa nani yuko nyuma yako nyumbani. Zambia ilikuwa na fedha za shaba, wafanyakazi wa migodini wenye mshahara wa kununua albamu, na amri ya Rais Kaunda iliyotaka asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Kenya ilijaribu jambo la namna hiyo mwaka 1980, Sauti ya Kenya, redio ya taifa, ilipoagizwa kwamba robo tatu ya muziki wake uwe wa nyumbani; kelele zikapigwa, na agizo likafa upesi.

Msomaji makini atanikamata hapo hapo. Nyimbo nyingi za Zamrock nazo ni fupi. WITCH na Amanaz walikuwa na santuri kubwa mikononi mwao mwaka 1975, na bado sehemu kubwa ya walichoweka humo ni nyimbo za dakika tatu hadi sita. Je, si ushahidi kwamba chombo kirefu hakizai utunzi mrefu? Nakubali nusu. Chombo hakimlazimishi mtu, kinamruhusu. Ila linganisha na Nigeria, ambako albamu ilikuwa na soko pana na kampuni kubwa zilikuwa na matawi: Fela Kuti aliingia na nyimbo za dakika kumi na zaidi, upande mzima kwa wimbo mmoja, na watu wa kawaida wakanunua. Tazama Kongo, ambako Franco mwaka 1985 alitoa Mario, zaidi ya dakika kumi za mzee akimsema kijana anayelelewa na mwanamke, na Afrika Mashariki nzima ikaucheza mpaka mwisho bila kulalamika kuwa ni mrefu. Wasikilizaji wa Embu na Meru waliokuwa wakinunua vipande vya dakika tatu ndio hao hao waliomsikiliza Franco akisimulia. Hoja ya kwamba walikosa subira inaanguka hapo. Ushahidi ulio wazi kuliko yote uko Pwani na Tanzania: kaseti ilipoingia, ambayo haikujali wimbo una dakika ngapi, taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990 ikarudi kwenye nyimbo za dakika kumi, kumi na tano. Ustadi ulikuwa umekaa kimya miaka 60 ukisubiri nafasi.

Kuna pingamizi jingine, na hili linahusu Meru na Embu hasa. Litasema kwamba chombo kilikuwa kidogo kwelikweli, lakini muziki mrefu ulikuwa umekwisha uawa kabla haujakifikia. Kanisa la Anglikana liliingia Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakafika Kaaga, Meru, mwaka 1912. Wakatoliki wa Consolata na Wapresbiteri wa Chogoria nao wakawa na maeneo yao. Misheni karibu zote ziliichukia ngoma, hasa ile iliyofungamana na tohara, na Mkristo aliyeonekana uwanjani alijua kitakachofuata. Kisha hali ya hatari ya 1952 hadi 1960 ikakataza mikusanyiko, na kwa watu wa Embu na Meru, waliowekwa vijijini kwa nguvu pamoja na Wakikuyu, mikesha ya ngoma ikawa hatari kwa maisha. Sipingi hata neno moja. Lakini haya yanaeleza kwa nini ngoma ilipungua, hayaelezi kwa nini iliyobaki inasikika kwa dakika chache tu. Maana ilibaki. Baada ya Uhuru serikali iliitaka tena, ikaipandisha jukwaani, ikaipeleka uwanja wa ndege kupokea marais. Bomas of Kenya ikaiweka katika maonyesho yake pale Lang'ata. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 kama shughuli ya kwaya za walowezi, likaifundisha kwa watoto wa shule, na vikundi vya Embu na Meru vikasafiri kushindana. Na kila mahali palikuwa na saa. Mgeni wa heshima ana ratiba. Mtalii ana basi linalomsubiri. Jaji wa tamasha ana vikundi vingine nje ya mlango, na kanuni inayopunguza alama kwa anayezidisha muda. Kiongozi wa ngoma aliyejua vipande vingi akajifunza kuchagua viwili vyenye kishindo. Ndiyo maana nilisema tunazijua kwa kipande. Kizazi cha tatu cha wapigaji kinaweza kuwa hodari kabisa na bado kisijue kwamba kile kinachokiita ngoma nzima kilikuwa mlango tu wa kuingilia.

Maandishi nayo yana kikomo chake. George Senoga-Zake, ambaye alikuwa miongoni mwa waliotunga wimbo wa taifa, alichapisha mwaka 1986 kitabu chake cha muziki wa jadi wa Kenya, akaweka midundo kwenye nota. Kazi hiyo ina thamani kubwa, lakini mistari michache ya nota haionyeshi mdundo unavyogeuka baada ya nusu saa.

Nirudi kwa Black Savage, kwa sababu kupitia kwao kuna mtu anayeziunganisha pande zote mbili za hadithi hii. Job Seda, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, alipitia Black Savage, akawa katika bendi ya African Heritage, kisha mwaka 1986 akaenda London na nyatiti yake. Aliyempa nafasi huko alikuwa Peter Gabriel, yule yule aliyeimba Supper's Ready na Genesis mwaka 1972, akaiacha bendi mwaka 1975, akaanzisha tamasha la WOMAD na baadaye lebo ya Real World. Mwaka 1993 lebo hiyo ilitoa En Mana Kuoyo kwa jina jipya la Seda, Ayub Ogada, na kupitia wimbo wake Kothbiro dunia ikamjua, hasa filamu ya The Constant Gardener ilipoutumia wimbo huo mwaka 2005. Ni albamu nzuri mno. Ila angalia ni upande gani wa Ogada uliopata mlango. Mtu aliyekuwa na miaka ya umeme, ya besi na gitaa, ya Nairobi inayonguruma, alihitajika Uingereza kama sauti moja na nyuzi nane. Mwimbaji wa roki progresivu hakumwomba roki progresivu. Simlaumu Gabriel, aliyefanya mengi kuliko waliobaki nyumbani. Lakini soko la Ulaya lilitaka Mkenya wa jadi, soko la Nairobi lilitaka dakika tatu, na muziki wa katikati, ule mrefu, wa umeme, wenye mapigo ya mlimani ndani yake, haukuwa na mteja hata mmoja. Kijana wa Meru aliyekuwa na wazo la namna hiyo mwaka 1978 angempelekea nani?

Limebaki pingamizi la leo, nalo ni zito kuliko yote. Santuri imekufa, kaseti imekufa, na mtu anaweza kupandisha mtandaoni wimbo wa saa nzima bila kumlipa yeyote. Kama kikwazo kilikuwa chombo, mbona mafuriko hayajaja? Jibu la kwanza ni kwamba chombo kipya hakiko huru kama kinavyoonekana. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, na malipo hayaongezeki ukisikilizwa dakika 30. Kwa hiyo mwenye nyimbo kumi fupi anamshinda mwenye utunzi mmoja mrefu mara kumi. Simu imempunguzia msanii kibaba hata chini ya kile cha Siti. Redio za lugha za nyumbani, kama Muuga FM kwa Wameru na Wimwaro FM kwa Waembu, zimeziba pengo la miaka mingi la lugha hizo hewani, lakini nazo zinaishi kwa matangazo ya biashara, na tangazo halikai katikati ya wimbo.

Jibu la pili ni kwamba mafuriko yamekuja, ila tumekuwa tukiyatafuta mahali pasipo. Ingia katika kanisa lolote kubwa la mjini Embu au Meru siku ya Jumapili wakati wa sifa na kuabudu. Kuna kibodi mbili, besi, gitaa, seti kamili ya drams, waimbaji sita au zaidi. Wanaanza kwa kasi, wimbo wa Kimeru unaingia ndani ya wa Kiswahili bila kusimama, mpiga drams anapokea ishara ya mkono kutoka kwa kiongozi na kugeuza pigo, ufunguo unapanda, kasi inashuka ghafla, kibodi inabaki peke yake chini ya maombi, kisha besi inarudi na wote wanapanda tena. Dakika 30 au 40 zinapita, na hakuna anayetazama saa. Ni vijana waliojifunza ala hapo hapo, kwa kuwa hakuna mahali pengine mjini penye seti ya drams ya bure na jukwaa la kila wiki. Makanisa yale yale ambayo babu zao walifukuzwa humo kwa sababu ya ngoma ndiyo leo yanayomiliki ngoma nyingi kuliko mtu yeyote kutoka Thuchi hadi Maua. Vipindi hivyo hurushwa moja kwa moja kwenye kurasa za makanisa, vikiwa vizima, bila kukatwa, kwa mara ya kwanza tangu Mzungu wa kwanza afike na kinasa sauti. Sauti yake mara nyingi ni mbovu, maikrofoni moja ya simu iliyowekwa mbele ya spika. Havina jina la mtunzi wala jina la wimbo. Vina tarehe ya ibada na mada ya mahubiri, na anayevitafuta kama muziki hana neno la kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia.